BARUA YA MWALIMU: Kulisoma Juma Lijalo



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaowasomea wazee wenu ukurasa huu,

Gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, na hali ya hewa ya Etobicoke haina subira ya mwezi. Kwa hiyo sitawaandikia kwamba Jumatatu kutanyesha na Alkhamisi kutaanguka theluji. Mpaka nakala zitolewe mashineni, zikunjwe na kugawiwa, Alkhamisi hiyo itakuwa imekwisha kusahauliwa. Nitakaloandika ni namna ya kulisoma juma lijalo, kila juma, kuanzia Novemba hii hadi Aprili. Nimeliona ni jambo la haja kwa sababu kila mwaka zinawasili familia mpya, na kwa sababu hata sisi tulioishi hapa miaka mingi tuna mazoea ya kuchungulia nambari moja tu kabla ya kufungua mlango. Nambari moja haitoshi, na wakati mwingine hudanganya.

Sisi tuliolelewa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, tulilelewa na pepo mbili. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hivi, ikayarudisha kwao. Baina ya pepo hizo zipo mvua za masika na za vuli. Wazee wetu waliuhesabu mwaka wa jua tangu siku ya Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na nahodha au mkulima alijua mwongo wa kupanda, mwongo wa kuvua, na mwongo wa kukipandisha chombo pwani. Wenzetu wa bara, wa Bukoba, Kampala na Bukavu, nao wana kiangazi na masika wanayoyajua kwa majani na kwa ndege. Kwa hesabu hizo mtu aliweza kusema leo litakalokuwa baada ya miezi miwili, na aghalabu akapatia.

Hapa hesabu ya aina hiyo haifai kitu. Etobicoke, iliyokuwa na baraza lake yenyewe mpaka mwisho wa mwaka 1997 na ambayo tangu Januari 1998 ni sehemu ya jiji la Toronto, iko kiasi cha nyuzi 43 na nusu kaskazini ya Ikweta. Juu angani, kiasi cha kilomita kumi kutoka ardhini, unapita mkondo wa upepo wa kasi kubwa uelekeao mashariki. Kaskazini ya mkondo huo imelala hewa kavu ya baridi itokayo Aktiki. Kusini yake, hewa ya vuguvugu yenye unyevu itokayo Ghuba ya Meksiko. Mkondo wenyewe haukai pahala pamoja. Hupinda kama mto bondeni, leo ukawa kaskazini yetu tukafungua vifungo vya makoti, kesho ukashuka kusini yetu tukatafuta glavu. Zinapopambana hewa hizo mbili huzaliwa maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa, nayo hutupitia moja baada ya jingine, mara nyingi kila siku tatu hadi tano katika miezi hii. Ndiyo maana hapa kipimo cha kufaa ni juma: ndani yake mna nafasi ya mapito mawili kamili.

Kila pito lina adabu yake, na anayeijua hashtukizwi sana. Kwanza upepo hugeuka ukatoka mashariki, mawingu membamba yakaja yakizidi unene, na viungo vya wazee vikaanza kusema. Kisha upepo huhamia kusini, joto likapanda, mvua ikanyesha au theluji chepechepe ikaanguka. Mwisho upepo huruka ukatoka kaskazini-magharibi, mbingu zikatakata, na baridi ikateremka kwa ghafla. Na kwa kuwa mapito haya husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, mwenye jamaa Chicago au Windsor ana habari za bure: mara nyingi mvua iliyowanyeshea wao jana ndiyo inayotujia sisi leo.

Limo pia jambo la ziwa. Ontario ni ziwa refu la kina kikubwa. Huchelewa kupoa na huchelewa kupata joto. Mnamo Novemba maji yake bado yana joto la kiangazi kilichopita, na ardhi ya mbali na ufuo imeshapoa. Aidha nchi inapanda kadiri unavyokwenda kaskazini. Uwanja wa ndege wa Pearson, uliopo mpakani mwetu, uko juu ya uso wa ziwa kwa kiasi cha mita 100. Kwa ajili hiyo familia iliyopo Mimico au Long Branch huweza kuona mvua tupu dirishani, na saa hiyo hiyo familia iliyopo Rexdale ikaona barabara nyeupe. Wazee walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Usimwambie mwanao aache viatu vya theluji kwa sababu shangazi yake wa ufuoni amepiga simu akasema kwake kukavu. Machi na Aprili mambo hupinduka: ziwa ndilo lililo baridi, na wa ufuoni hutetemeka wakati wa Rexdale wameanza kukaa uani.

Sasa niseme neno juu ya utabiri, kwa kuwa nimewasikia baadhi ya wazee wetu wakiukataa. Husema kwamba ya kesho anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba kusikiliza watabiri ni mlango wa ramli. La kwanza ni kweli isiyo shaka. La pili halifuati. Mpiga ramli hudai kujua lililofichika. Mtu wa hali ya hewa hupima lililodhihiri. Hupima joto, upepo, unyevu na mgandamizo wa hewa katika vituo vya nchi kavu, baharini, katika maputo yanayorushwa angani na katika satelaiti, kisha akahesabu vitu hivyo vinaelekea wapi. Nahodha aliyetazama mawingu na rangi ya bahari kabla ya kutweka tanga alifanya kazi ile ile kwa vyombo vichache, na hatukumwita mchawi. Dalili ya mvua ni mawingu. Hawa wameyapata mawingu yaliyo mbali na macho yetu.

Na hesabu hiyo ina mpaka wake, nao wenyewe hawauficha. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, Edward Lorenz, alionyesha kwamba katika mambo ya hewa tofauti ndogo mno ya mwanzo huweza kukua ikageuza matokeo yote ya baadaye. Kwa hiyo utabiri wa kesho na kesho kutwa ni wa kutegemewa zaidi, wa siku ya nne ni wa kujiandaa nao, na wa siku ya saba ni wa kuzungumzia tu. Idara ya mazingira ya Kanada hutoa utabiri mpya alfajiri, kabla ya adhuhuri na alasiri, na huubadilisha wakati wowote pakiwa na haja. Mwenye kuusoma Jumapili mara moja akaubeba mpaka Ijumaa ameubeba mzigo uliochacha. Usomwe kila jioni.

Zifahamike pia asilimia. Likisemwa kwamba kesho ipo asilimia 40 ya mvua, maana yake si mvua ya asilimia 40 ya siku, wala ya asilimia 40 ya mji. Maana yake ni kwamba pahala popote utakapokuwa katika eneo hilo, ipo nafasi ya 40 katika 100 kwamba mvua ya kupimika itakugusa. Nambari hiyo haielezi wingi wa mvua wala urefu wake. Manyunyu ya dakika kumi na mvua ya kujaza mitaro huweza kuandikwa kwa asilimia ile ile.

Baada ya hayo, ningependa kila nyumba ijiulize maswali matatu jioni.

Swali la kwanza: je, sifuri itavukwa, na saa ngapi? Chukueni juma la mfano. Jumapili ni nyuzi 4, mawingu, upepo wa mashariki. Jumatatu ni nyuzi 11 na mvua mchana kutwa. Jumanne katika gazeti limechorwa jua zuri. Watu wengi wataogopa Jumatatu na kuifurahia Jumanne. Lakini usiku wa kuamkia Jumanne upepo umegeuka kaskazini-magharibi, na kufika alfajiri ni nyuzi 4 chini ya sifuri. Maji yote ya Jumatatu yaliyosimama ngazini, njiani na penye vituo vya basi yamekuwa kioo. Atokaye kwa swala ya alfajiri na mama arudiye kutoka zamu ya usiku ndio wanaokikanyaga kwanza. Hatari haikuandikwa katika kisanduku cha Jumatatu wala cha Jumanne. Ilikuwa baina ya visanduku viwili. Kwa hiyo tazameni joto la usiku, si la mchana pekee, na mwageni chumvi au mchanga ngazini kabla ya kulala. Baridi ikishuka kupita nyuzi 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida hupungukiwa nguvu. Hapo mchanga ndio msaada.

Mbaya kuliko hiyo ni mvua inayoganda. Hutokea hewa ya juu ikiwa na joto na ya chini ikiwa chini ya sifuri: tone huanguka likiwa maji, likagusa tawi, waya au njia, likaganda hapo hapo. Haina kishindo. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Desemba 2013 ilianguka namna hiyo, na wateja wapatao 300,000 wa shirika la umeme la Toronto wakabaki gizani, baadhi yao kwa siku kadhaa za baridi kali.

Swali la pili: upepo wasemaje? Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huihisi ngozi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Kipimo hicho kwa hesabu itumikayo sasa kilianza hapa mwaka 2001. Kikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda katika dakika 10 hadi 30, nao huo ndio muda wa kungoja basi lililochelewa. Huanza masikio, pua na ncha za vidole. Pahala pakifa ganzi na kupauka, ingieni ndani, pashieni kwa maji ya vuguvugu au kwa joto la mwili, wala msisugue. Wasichana wetu wenye mitandio wana kinga ya masikio ambayo wenzao hawana. Wavulana ndio wanaojifanya mashujaa, nao wapewe kofia kwa amri.

Swali la tatu: maji yatakwenda wapi? Swali hili ndilo lililonifanya niandike barua hii, kwa maana wengi wetu tunakaa vyumba vya chini ya ardhi, na kila majira ya joto tunakwenda kula mandari katika bonde la mto Humber bila ya kujua kwa nini bonde zuri namna ile halina nyumba.

Lilikuwa na nyumba. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954 tufani iliyoitwa Hazel ilifika hapa kutoka kusini. Ardhi ilikwishashiba maji ya mvua zilizotangulia, haikuweza kunywa zaidi. Katika pande za magharibi ya Toronto zilinyesha zaidi ya milimita 200, na Humber, mto ambao kiangazi mtoto huuvuka kwa mawe, ukapanda usiku watu wakiwa vitandani. Katika barabara ya Raymore, hapa hapa Etobicoke, mto uliondoka na nyumba na wenyewe ndani. Walikufa watu 35 wa mtaa ule mmoja. Wazima moto watano wa kujitolea wa Kingsway-Lambton, waliotoka kwenda kuokoa, walichukuliwa na maji. Waliokufa katika Kanada kwa tufani ile walikuwa 81.

Mvua na upepo mkali vilikuwa vimetangazwa. Kilichokosekana ni mfano wa jambo lenyewe vichwani mwa watu. Hawakupata kuona tufani. Neno walilisikia, maana haikuwaingia. Unguja ilipatwa na hali kama hiyo Aprili 1872, tufani ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu katika kisiwa ambacho tufani hazikifikii ila kwa nadra. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwishatangaza tahadhari siku chache kabla. Tangazo siku hizi lipo. Linalobaki ni sikio.

Baada ya Hazel serikali ilinunua nyumba zilizobaki katika mabonde ya mafuriko, mwaka 1957 ikaundwa mamlaka ya kuyahifadhi, na Raymore sasa ni bustani. Nyasi tunazotandikia mikeka ni ardhi waliyoachiwa mto makusudi. Lakini maji hayangoji mto tu. Tarehe 8 Julai 2013 katika uwanja wa Pearson zilipimwa milimita 126 kwa saa chache. Tarehe 16 Julai 2024 karibu milimita 98. Mara zote mbili maji yaliingia katika vyumba vya chini. Likitangazwa onyo la mvua kubwa, ondoeni sakafuni hati za uhamiaji, vyeti vya watoto na Misahafu, viwekwe juu; safisheni majani yaliyoziba mtaro wa mbele ya nyumba; na anayelala chini alale usiku huo ghorofa ya juu, hata kama ni katika kochi la jirani. Msikaribie mito na vijito. Tangu Novemba 2025 tahadhari hutolewa kwa rangi: manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu iliyo kali kuliko zote. Rangi hizi mtoto wa miaka sita anaweza kuzifahamu.

Lipo jambo moja ambalo nawaomba mlisome mara mbili. Umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa, mkono wa mtu wa kwetu huenda kwenye jiko la mkaa. Kwetu tulipikia jiko uani au jikoni penye matundu. Nyumba za hapa zimezibwa kila ufa. Mkaa, na kadhalika jenereta au jiko la gesi la uani, hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo rangi, isiyo harufu, isiyokohoza. Mtu huumwa kichwa, akachoka, akalala, na asiamke. Katika baridi ile ya Desemba 2013 wazima moto wa Toronto waliitwa mara nyingi kwa sababu ya watu walioingiza majiko ndani. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya nyumba, wala gereji, wala roshani iliyofungwa. Kusanyikeni chumba kimoja, vaeni nguo juu ya nguo, au mwende kwa ndugu mwenye umeme. Kengele ya hewa hiyo iwepo karibu na vyumba vya kulala, na betri yake ijaribiwe. Na ikiwa umeme upo lakini nyumba ya kupanga ni baridi, jueni kwamba kanuni za jiji zinamtaka mwenye nyumba asiyewaachia kidhibiti cha joto aiweke kwa nyuzi zisizopungua 21 katika miezi ya baridi. Asipotimiza, simu ya jiji ni 311, na mwenye kulalamika si mkosefu.

Nimalize kwa zoezi, maana mwalimu hastaafu moja kwa moja. Kila jioni baada ya chakula, mtoto mmoja asome utabiri katika lugha ya skuli, kisha awaeleze babu na bibi kwa Kiswahili. Asiseme tu "kuna baridi". Aseme kama ni manyunyu au rasharasha, ukungu au umande, sakitu juu ya majani, theluji kavu au chepechepe, mvua ya mawe au mvua inayoganda. Aseme upepo unatoka wapi. Kisha ayajibu maswali matatu: sifuri, upepo, maji. Dakika tano zatosha. Mzee atajua avae nini, mama atajua aondoke saa ngapi, na mtoto atakuwa ameshika maneno ambayo hapa hana pahala pengine pa kuyatumia.

Mwenye kuona Rexdale jambo ambalo wa Mimico hawakuliona, au aliye na jina la kwao la sakitu au la theluji, aniletee kwa maandishi kabla ya toleo lijalo, nasi tutalichapa. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, wenye zamu za usiku na watoto waendao skuli, na autie kheri msimu huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.